Rammstein wamezeeka, na hapo ndipo Zeit inaponoga

Zeit ("Wakati"), albamu ya nane ya Rammstein, bendi ya roki nzito ya Ujerumani, ilitoka Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 2022, na tangu hapo naisikiliza kwenye tramu kila nikitoka zamu ya usiku. Nahudumia wazee hapa Leipzig, mji aliozaliwa mwimbaji wao Till Lindemann mwaka 1963. Wenzangu kazini, waliokulia Ujerumani Mashariki kama wanabendi wenyewe, wananung'unika: gitaa zimepoa, ule moto uko wapi? Mimi nasema sasa ndiyo wamenikamata.

Tangu 1994 ni wale wale sita, hajatoka mtu, hajaingia mtu. Baada ya albamu ya 2009 walitusubirisha hadi 2019. Safari hii korona ikazuia ziara yao, wakaenda kurekodi kusini mwa Ufaransa, na hata miaka mitatu haijatimia tumeletewa nyimbo 11.

Wimbo uliobeba jina la albamu unaanza na piano, taratibu, kisha gitaa zinaingia na Lindemann anaubembeleza wakati usimame. Kazini kwangu ombi hilo nalisikia kwa namna nyingine: bibi anakushika mkono saa tisa usiku, anataka ukae kidogo tu. Zick Zack nao unawacheka wanaokimbilia kisu cha daktari ili uso usizeeke. Lakini ulioniumiza ni Meine Tränen. Mwanamume mtu mzima, bado anaishi na mama yake, na machozi kwake ni mwiko. Nani kati yetu hakulelewa hivyo?

Lügen ("Uongo") nimeurudia mno. Lindemann anamwaga ahadi tamu tamu, halafu anakiri kwamba zote ni uongo, na sauti yake inapitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti. Sisi watoto wa Bongo Fleva tumeizoea Auto-Tune kama chumvi mezani, ila sijawahi kuisikia ikitumika kumuumbua mwimbaji mwenyewe.

Si kwamba kila kitu ni kizuri. OK ni utani wa vijana wa bwenini uliovalishwa kwaya. Kuna mwingine wenye matarumbeta ya sherehe za kijijini, jina lake silitaji, shangazi yangu anasoma hapa. Angst ("Woga") umejengwa juu ya yule "mtu mweusi" ambaye watoto wa Kijerumani hutishiwa naye. Najua wanaukejeli woga huo, na gitaa zake ndizo nzito kuliko zote, lakini kuusikiliza ukiwa mweusi peke yako kwenye behewa ni shughuli nyingine.

Adieu ("Kwaheri") unafunga kazi, na mashabiki walianza kulia kwamba bendi inaaga. Watu wanaoaga hawaanzi ziara ya viwanja vikubwa mwezi unaofuata, Mei 2022, Leipzig ikiwemo. Yule mwenzangu anayelalamikia gitaa kuliko wote alinunua tiketi, na zamu yake siku hiyo aliniomba niishike mimi.