Baiskeli isiyofika Ujiji

Jirani yangu mmoja, mzee wa rika la baba yangu, hupita kila jioni akitoka kuswali magharibi. Akifika usawa wa baraza langu hupunguza mwendo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado uko njiani?"

"Bado."

"Leo safari ya wapi?"

"Ujiji."

"Haya, nisalimie huko."

Utani huu una miezi minane na hatujauchoka. Baiskeli yenyewe ni ya mazoezi, haigusi ardhi. Ina gurudumu moja zito la chuma mbele, limeinuliwa hewani, na kisaa kidogo kinachosoma dakika, kasi na kilomita. Jumamosi ya juzi kilisoma kilomita 14. Kwa hesabu yangu ningekuwa nimefika Ujiji, nimekunywa chai kwa wifi yangu na nimekaribia kurudi. Nilikuwa palepale barazani, kanga imelowa jasho, namtazama mzungu mmoja kwenye muvi anabanduliwa ruba mgongoni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini. Miaka 21 nilikanyaga cherehani ya miguu, ikanilisha na kusomesha watoto wawili. Halafu nikafunga mota. Kazi ikawa nyepesi, mishono ya vitenge ikaongezeka, na mimi nikaongezeka pamoja nayo. Mwaka jana nilipopimwa presha ilisoma 158 kwa 96. Nesi akaniuliza nafanya mazoezi gani. Nikamwambia mimi kazi yangu ni kukanyaga cherehani kutwa.

"Ya mota?"

Nikanyamaza.

Nilipewa dawa, na juu ya dawa nikaambiwa dakika 150 za mazoezi kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Nikauliza nitajuaje kama nakanyaga vya kutosha. Jibu lake nimelishika hadi leo: ukiweza kuongea lakini ukashindwa kuimba, hapo ndipo. Ukiweza kuimba, unacheza. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Baiskeli niliinunua kwa mtumishi wa shirika moja la wakimbizi aliyekuwa anahama mji, laki moja na themanini, ikaja kwa bajaji ikiwa imefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Pedali ya kushoto ilikuwa imelegea. Mpwa wangu akachukua spana, akaikaza kwa nguvu zake zote, na ilivyozidi kukazwa ndivyo ilivyozidi kutoka. Fundi baiskeli wa pale chini ya mwembe alicheka mpaka akakaa chini. Pedali ya kushoto, alisema, hukazwa kinyume na ya kulia, ili isijifungue yenyewe ukiwa unakanyaga. Nimeishi miaka 47 mkoa ambao kila nyumba ina baiskeli na sikuwa najua hilo.

Breki yake ndiyo iliyonifurahisha. Ukikaza kitasa, kipande kinene cha sufi kinashuka kubana lile gurudumu la chuma, na pedali zinakuwa nzito kana kwamba unapanda kilima. Kile kipande kilikuwa kimekwisha, kikinuka kuungua. Nikakata kingine kwenye koti la mtumba, tabaka nne, nikazipiga mshono wa kuzungusha na kuzitonesha mafuta ya cherehani. Hadi leo kinabana vizuri kuliko cha mwanzo. Hapo ndipo nilipoacha kuiona baiskeli hii kama mgeni.

Lakini kukanyaga bila kushona kitu! Hilo sikulizoea. Kwenye cherehani, mguu ukishuka unaona mshono umesogea. Hapa unakanyaga nusu saa na hakuna hata kola moja. Wiki ya kwanza nilikuwa natazama kile kisaa dakika kwa dakika kama mtu anayesubiri gari moshi lililochelewa. Ndipo nikaleta televisheni barazani, nikaiweka juu ya kabati la nyuzi, na kijana wa muvi hapa jirani akanijazia flashi, shilingi 500 kwa muvi moja.

Muvi kwangu zina deni la zamani. Miaka ya tisini mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video, mabati juu, magunia kwenye kuta, deki moja na benchi za mbao. Wasichana hatukuruhusiwa kuingia, ilionekana ni uhuni. Mimi nilikuwa na tundu langu kwenye gunia upande wa choo. Sikuona picha nzima, nilikuwa naona robo ya kulia ya skrini na vichwa vya watu, lakini sauti ya mjomba niliipata yote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri, kasimama na kipaza sauti. Mchina akisema maneno mawili, mjomba anasema sentensi sita, na ndani yake mnatajwa soko la Kibirizi na mtu aliyekopa samaki wa mgebuka akakimbia deni. Sheria ya kibanda ilikuwa moja na kila mtu aliijua: steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, aangukiwe na nyumba, steringi hafi. Muvi ikivunja sheria hiyo watu walidai hela zao.

Siku hizi nahukumu muvi kwa miguu. Sina nyota wala alama za kutoa. Muvi ikinifanya nisahau kisaa, imefaulu. Ikinifanya nikitazame mara kumi, imeshindwa, hata kama imepewa zawadi na dunia nzima. Na zile za kurukiana juu ya magari, ambazo vijana huniapia kwamba zitanikimbiza, hazinifai: zinanivuta kasi dakika tano, pumzi inakatika, halafu wanaanza kuongea kwenye ofisi dakika ishirini na miguu inalala. Maandishi ya chini pia ni shida. Kichwa kinapanda na kushuka, jasho liko machoni, herufi zinacheza. Kwa hiyo muvi zilizotafsiriwa kwa sauti, ambazo wasomi huzicheka, ndizo zinazofaa juu ya baiskeli. Mtafsiri anakupa hadithi sikioni, macho yako huru.

Bongo muvi nazo nazipenda, ila zina tatizo moja kwangu: mtu akitoka nyumbani kwenda kumfumania mumewe, tunaonyeshwa anafunga geti, anaingia kwenye gari, barabara yote, anashuka, anafunga gari. Mimi wakati huo nakanyaga na yeye anaendesha na hakuna kati yetu anayefika. Halafu nguo. Samahani, ni ugonjwa wa kazi. Mama mkwe maskini wa kijijini amevaa kitenge kipya ambacho bado kinaonekana mkunjo wa dukani.

Kuna kusimama kwa namna mbili, na nilichelewa kulijua hili. Kuna miguu kusimama kwa uchovu wa muvi mbovu, na kuna miguu kusimama kwa sababu mwili umesahau kama una miguu. Hii ya pili imenipata mara mbili tu.

Ya kwanza ni Jane, filamu ya mwaka 2017 kuhusu Jane Goodall na sokwe wa Gombe. Niliitafuta baada ya kusikia amefariki, Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Gombe ni kwetu, unapanda boti Kibirizi unaelekea kaskazini, lakini mimi sijawahi kuingia hifadhini na watu wengi ninaowajua hawajaingia. Tuliwaona wageni tu, kofia na mabegi. Sasa hapa barazani naona ziwa lilelile, mawe yaleyale ya ufukweni, na binti wa miaka 26 aliyefika Julai 1960 akiwa na kaptula na darubini. Picha nyingi zilipigwa miaka ya sitini na Hugo van Lawick, ambaye baadaye alimuoa, kisha zikalala ghalani miaka na miaka. Ukiangalia jinsi kamera inavyomfuata unajua huyu mpigapicha ameshapenda zamani, hata kabla hujaambiwa.

Kuna mahali sokwe mzee jike, Flo, anakufa. Mwanawe Flint alikuwa mkubwa wa kutosha kujitegemea, lakini alikuwa bado mtoto wa mama. Hakula, akadhoofika, na wiki chache baadaye akafa naye. Mimi mama yangu nilimzika nikiwa na miaka 40, watu wakaniambia wewe ni mtu mzima. Kisaa changu kilisoma sifuri kwa muda mrefu na sikukitazama. Aliyenishtua ni mteja aliyekuja kuchukua sketi.

Ya pili ndiyo ile ya ruba. Inaitwa The African Queen, ni ya mwaka 1951, ya John Huston, wamo Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Binti yangu aliyeko Dodoma ndiye aliyenitumia. "Mama, hii inahusu Liemba." Liemba ni meli ya ziwa letu la Tanganyika. Nikapanda baiskeli mara moja.

Ni mwaka 1914, vita imeanza, koloni la Wajerumani. Mmisionari anakufa, dada yake anabaki na mwendesha boti mlevi, na yule dada, mkimya wa kola ndefu, ndiye anayetoa wazo la kuteremka na mto mpaka ziwani wakailipue meli ya Wajerumani. Kwa miguu yangu, saa nzima ya mtoni ni muvi bora niliyowahi kuendesha. Boti inakwenda, mimi nakwenda. Maji yakichafuka nakaza kitasa mwenyewe bila kuambiwa. Boti inapokwama kwenye matete na Bogart anashuka kuivuta kwa kamba, nilikuwa nakanyaga uzito wa kilima cha kupandia hapa kwetu na siwezi kuimba wala kuongea.

Makosa yanayo. Weusi tunaonekana mwanzoni tukiimba kanisani vibaya, halafu tunabaki kuwa askari wa kufyatua bunduki kwa mbali. Sehemu kubwa ilipigwa Uganda na Kongo, na za kulowana majini nyingi zilipigwa Uingereza, kwa hiyo hata tone la Tanganyika halimo. Mashati ya Hepburn, hata hivyo, nimeyakubali. Yule aliyeyashona alijua nguo ya mwanamke mwenye aibu inavyochakaa: kola inafunguka kifungo kimoja kimoja kadiri mto unavyoteremka.

Miguu ilisimama mwishoni. Meli ya Wajerumani, wameiita Louisa, inagonga boti ya wale wawili, iliyopinduka na yenye mabomu, inalipuka, inazama. Wawili wanaogelea wakiimba. Mwisho.

Nikasema peke yangu, kwa sauti, hapana.

Kwa sababu meli iliyotoa wazo la Louisa mimi nimeipanda. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakavitia kwenye maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, kisha reli ikavileta huku. Ikaungwa upya hapa Kigoma na kuingia majini Februari 1915, jina lake Graf von Götzen. Hakuna boti iliyoilipua. Mwaka 1916, walipoona wanazidiwa, Wajerumani wenyewe waliizamisha, na kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nene, kama mtu anayefunga cherehani yake kwenye nailoni akitegemea kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena ikiitwa Liemba.

Nilisafiri nayo hadi Kirando kupeleka magauni ya harusi, dada yangu mdogo kanisindikiza. Usiku ikisimama katikati ya ziwa, mitumbwi inakuja gizani, taa zinayumba, watu wanapanda ubavuni na kuku, na mananasi, na magunia ya dagaa, kila mtu anaita jina la mtu. Nilikalia lile boksi la magauni hadi asubuhi. Sasa uniambie meli hiyo ndiyo adui, na imekufa!

Jumamosi iliyopita niliirudia. Watoto wa majirani hukaa nje ya wavu, sina moyo wa kuwafukuza, najua tundu la gunia lilivyo. Nikawa natafsiri huku nakanyaga, na kwa kweli mjomba alikuwa na mapafu, kwa sababu kuongea sentensi sita kwa mbili za mzungu ukiwa kwenye kasi si mchezo. Wawili wameshakamatwa, wanavalishwa kitanzi, nahodha Mjerumani anawafungisha ndoa kwanza. Louisa inakuja. Umeme ukakatika.

Giza. Kisaa changu kinatumia betri mbili ndogo, kiliendelea kuhesabu.

"Mama Fundi, walinyongwa?"

"Hawakunyongwa. Meli ilizama wakaogelea."

"Meli ilikufa?"

"Ilizama ikakaa chini ya maji miaka mingi. Mitambo yake imepakwa grisi."

"Halafu?"

"Halafu wakaja watu wakaivuta juu, wakaiwasha, ikawaka."

Kimya kidogo. Mmoja, yule mwenye kaptula niliyomshonea mwenyewe, akasema haiwezekani, meli ni ya maadui, na steringi ni yule mzungu wa ndevu. Mwingine akamwambia mzungu mwenyewe ameshakufa zamani. Wakaanza kubishana, mimi nikaendelea kukanyaga, na huko barabarani nikasikia kandambili za mzee zikipunguza mwendo.