Corolla KE70: habu mpya, usukani wa Momo na honi iliyogoma

Breki zimekaa sawa, sasa zamu ya usukani. Ule wa kiwandani ulikuwa umepasukapasuka pale mikono inapokaa, na jua la Dar limeula mpaka ukiushika unabaki na unga mweusi viganjani. Gari ni Corolla KE70 yenye injini ya 4K, haina pawa steringi wala eabegi, kwa hiyo kubadilisha usukani ni kazi ya spana tu, hakuna kompyuta ya kuibembeleza.

Usukani nimeupata Shaurimoyo, wa kampuni ya Momo, wa ngozi, kipenyo milimita 350, uliotoka kwenye gari lililokatwa. Habu, yaani kitovu cha kuunganisha usukani huo na shafti ya gari, nimenunua mpya. Hapa wengi hupigwa: matundu ya Momo ni sita kwenye duara la milimita 70, ya Nardi, kampuni nyingine ya usukani, nayo ni sita lakini duara lake ni milimita 74. Ukiangalia kwa macho huoni tofauti, ila bolti hazitaingia. Muuzaji mmoja alinishauri nipanue matundu kwa drili. Mwingine, fundi wa kuchomelea, alitaka akate kitovu cha usukani wa zamani anipigie bamba juu yake. Nilimshukuru nikaondoka. Kitu kinachoshika maisha ya watu kwenye barabara ya Morogoro sikichomelei mimi.

Kufungua kulikwenda vizuri. Nilitoa waya wa hasi wa betri, nikatoa kifuniko cha honi, nikalegeza nati ya 19 bila kuitoa yote. Nati ikibaki imeshika nyuzi chache, usukani ukichomoka kwa ghafla unaishia hapo badala ya kukuvunja meno. Kabla ya kuvuta nilipiga alama ya rangi nyeupe kwenye shafti na kwenye kitovu, matairi yakiwa yametazama mbele. Kisha pula, kifaa cha kuvutia usukani utoke, yenye bolti mbili za M8 (unene milimita 8). Nyundo hapana. Nguzo nyingi za usukani za miaka ile zimetengenezwa zijikunje gari likigonga, na ukiitwanga shafti unaweza kukata pini za plastiki zilizomo ndani bila kujua.

Nyuma ya usukani ndiko kwenye utamu. Kuna kijiti kidogo cha shaba chenye springi, kimetokeza kwenye swichi ya indiketa, na kinasugua pete ya shaba iliyo mgongoni mwa usukani. Grisi yake ilikuwa imekuwa lami. Honi ya gari hili tayari ina umeme wa chanya, kitufe cha katikati kazi yake ni kuupa njia ya kwenda kwenye bodi la gari, yaani upande wa hasi. Ndiyo maana usukani unaweza kuzunguka utakavyo na waya mmoja tu ukatosha. Pembeni kuna kibao cha plastiki kinachorudisha indiketa baada ya kona, nacho hushikwa na pini mbili za habu. Weka indiketa katikati kabla ya kusukuma habu, na usilazimishe. Kibao kikivunjika utaanza kutafuta swichi nzima ya KE70, na hiyo nakuombea usiitafute.

Habu ikaingia, nati ikakazwa kwa Nm 35, nikarudisha betri. Honi kimya. Nikazungusha usukani kushoto, ikalia. Nikarudisha katikati, ikanyamaza. Gari lisilo na honi Dar huwezi kulitoa hata getini, bodaboda watakupanda bega.

Nilidhani springi imechoka, lakini taa ya majaribio ilionyesha kijiti kinagusa pete nusu ya mzunguko tu. Nikaipeleka habu kwa mzee mmoja mkerezaji Gerezani. Akaifunga kwenye mashine, akaweka saa ya kupimia kama kitu kimekaa sawa, akaizungusha kwa mkono taratibu huku sindano ikipanda na kushuka.

"Kijana, springi yako haina kosa. Pete imekaa upande."

"Tuikereze, mzee?"

"Ukiikereza inazidi kuwa nyembamba. Itoe kwanza tuone imekalia nini."

Ilikuwa imekalia ukingo wa aluminiamu uliobaki tangu habu ilipomiminwa, mwembamba kama ukucha. Akaupangusa kwa kisu cha mashine, akarudisha kizuizi cha plastiki kinachotenga pete na umeme wa habu, na pete yake, sindano ikatulia. Meno ya katikati, yanayoshika shafti, hakuyagusa, na aliniambia mtu yeyote akitaka kuyagusa nimnyang'anye habu. Sasa honi inalia pande zote.

Usukani wenyewe nimeukaza kwa bolti sita za M5, kwa mtindo wa msalaba, na tone la gundi ya bluu ya kuzuia bolti kulegea kwenye kila uzi. Nguvu ya mkono inatosha.

Bado uko upande kidogo kulia. Shafti ina meno 36, kwa hiyo kuruka jino moja ni digrii 10, na mimi nahitaji kama nusu yake. Habu haiwezi kunisaidia hapo. Dawa ni kwenye tairodi, vyuma vinavyosukuma matairi kukata kona: upande mmoja unafupishwa, wa pili unarefushwa kwa kiasi kilekile, ili matairi yasibadilishe mtazamo.

Ule wa zamani ulikuwa na milimita 380 hivi, maana yake sasa nguvu ninayohitaji kuuzungusha imeongezeka karibu asilimia 9. Ukitembea huhisi kitu, kuegesha Kariakoo ndiko bega linapokumbuka. Ukingo wa juu nao unanifichia taa za indiketa, nimeanza kuzisikiliza.

Jirani ana Corolla mpya zaidi, AE111, yenye eabegi anataka nimfanyie hivihivi. Nimemkatalia. Ile ni baruti iliyo mbele ya kifua, hata kuifungua tu Toyota wanataka betri ikae imetolewa sekunde 90 kwanza, na ukishaitoa umejinyima kinga ya bure.

Kinachofuata ni boksi la usukani, lina mchezo, usukani unazunguka kidogo bure kabla ya matairi kuitika. Juu yake kuna skrubu ya kupunguzia, ila sitaigusa mpaka nibadilishe tairodi endi zote, yaani ncha za tairodi. Nikikaza boksi wakati mchezo uko kwenye ncha, nitamaliza meno yake bure.