Siku moja ndani ya duka la zamani, Moshi (na hapana, sifungi mapazia)

Saa 12 na nusu asubuhi. Kabla ya chai nimeshabandika kiganja ukutani. Bado una ubichi, ila afadhali ya juzi. Jengo ni duka la zamani hapa Moshi mjini: baraza mbele, vigae juu, kuta za mawe na chokaa. Ni aina ya maduka yaliyoota baada ya reli ya Tanga kufika hapa 1911. Mama mwenye mradi anataka liwe mgahawa, na mimi ndiye mbunifu wa mambo ya ndani. Nyumbani kwetu Kibosho wanasema "yule wa mapazia".

Saa 1 mafundi wanaingia, salamu, kila mtu na kazi yake. Saa 2 napanga meza. Nataka mhudumu apite na sinia la ndizi nyama bila kugonga mgongo wa mtu, kwa hiyo njia inabaki sentimita 90 na meza mbili zinakufa. Mama atanuna.

Saa 3 ni habari ya moshi. Jiko la nyama choma linataka bomba, na njia fupi ni kutoboa dari lipite kwenye kenchi. Mbao kavu za miaka yote hiyo, mafuta yakigandia ndani ya bomba, halafu cheche moja! Tunalipitisha dirisha la nyuma: kioo kinatoka, bati linaingia, skrubu nne. Mgahawa ukihama, kioo kinarudi. Kwenye jengo la namna hii sifungi kitu kisichoweza kufunguliwa.

Saa 4 nikaenda hadiwea kufuata hizo skrubu. Dakika 40 tu. Narudi, namkuta mdogo wake mama, kaka fulani kutoka Dar, simu mkononi. Pembeni yake kijana ameshika mwiko, na ukuta wa upana wa mlango umeshapigwa simenti.

"Dada, chokaa itakuchelewesha. Piga simenti, skimu, rangi ya mafuta, juu jipsamu na taa za kuzunguka. Ona." Picha ya hoteli. Nyingine. Nyingine tena.

Nikameza mate, nikaeleza. Kaka, ukuta huu chini hauna kizuizi cha maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini, chokaa inauachia utoke taratibu. Ukiufunika kwa simenti, maji yanazidi kupanda yakitafuta pa kutokea, chumvi inachanua kama unga, rangi inabanduka. Akasikiliza vizuri sana. Akauliza, "Sasa si uweke taili?"

Nikamwambia kijana akwangue kabla haijashika. Kijana akamtazama kaka. Kaka akasema tumsubiri dada yake aamue. Dada yake yuko kikaoni, simu haipokelewi. Tukakaa tunaitazama simenti ikikauka, na kaka akanionyesha picha za choo.

Mama alipiga baada ya saa 7. "Mwanangu, mbona mnagombana? Fanya unavyojua." Simenti nayo ilishafanya inavyojua.

Kuanzia hapo saa sizikumbuki. Umeme umekatika, tindo na nyundo tu, mimi na Mzee fundi chokaa. "Binti, polepole, itaondoka na jiwe." Kila bonge linatoka na chokaa ya zamani mgongoni. Chai ya maziwa iliyoletwa ikaingia vumbi, nikainywa hivyohivyo. Kaka alikuwa barazani kwenye kiti, anatushauri tutumie grenda. Umeme hakuna, lakini anashauri.

Kitu kimoja kilinipa nguvu. Ganda moja lilidondoka na rangi tatu zimelaliana: nyeupe, kijani, na chini kabisa samawati ya chokaa. Wiki mbili nimefunua katalogi za rangi, kumbe rangi ya ukumbi ilikuwa humu humu. Mzee akaipuliza vumbi, akacheka tu.

Giza linaingia ndiyo tunapiga mkono wa kwanza wa chokaa, ile tuliyoizima kwa maji na kuilaza kwenye pipa. Tukaning'iniza magunia mabichi mbele yake, maana ikikauka kwa pupa inapasuka. Kidole gumba changu kimevimba.

Bonge moja la ile simenti, lenye chokaa mgongoni, nimelitia kwenye mkoba. Kaka amesema kesho atapita tena.