Barua, risasi na migongo ya wageni: wiki nane za kubuni ukumbi mmoja

Wiki ya 1

Tumekabidhiwa ukumbi mmoja wa mstatili, mita 9 kwa 14, na orodha ya vitu 63: barua za mkono, kalamu, vidau vya wino vya fedha, taipureta mbili na sanduku zima la herufi za risasi, ile metali laini, zilizokuwa za mpiga chapa. Maonyesho yatakaa siku 90. Studio yetu ni watu watatu na meza moja kubwa, kwa hiyo kumbukumbu hizi naziandika hasa ili tusije tukabishana baadaye nani aliamua nini.

Sijachora mstari hata mmoja. Siku tatu nimekuwa nikizitazama barua tu. Nilichokiona ni kwamba nyingi zimeandikwa pande zote mbili, na karatasi ilipoisha mwandishi akaigeuza akaendelea pembeni, kuanzia chini kwenda juu. Ukiilaza barua ya namna hiyo kwenye kabati, nusu ya maneno umeyazika. Nimeliandika hilo kwenye karatasi na kulibandika ukutani kabla ya jambo lingine lolote.

Wiki ya 2

Maketi ya kadibodi, yaani mfano mdogo wa ukumbi, kipimo cha 1 kwa 20. Vijitu vyake nimevikata kwa urefu tofauti, kimoja kimekaa kwenye kiti cha magurudumu, kimoja ni mtoto. Mwenzangu ananicheka kwamba nacheza na wanasesere. Lakini ni kale ka mtoto kalikotuonyesha kwamba kabati la katikati lingekuwa ukuta mtupu kwake.

Ramani ya sakafu tumeichora kwa tepu, ukubwa halisi, tukaomba marafiki wapite bila kuwaambia lolote. Wengi walipoingia walikata kulia. Mwanasaikolojia Arthur Melton aliliona hilo kwenye makumbusho ya sanaa na kuliandika mwaka 1935, nasi tulikuwa tunalijua, ila bado tulikuwa tumepanga hadithi ianzie kushoto kwa sababu maandishi husomwa kutoka kushoto. Tumegeuza mpangilio wote. Siku mbili za kazi zimekwenda, na sina kinyongo.

Jambo jingine la wiki hii ni urefu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, wa makumbusho ya sanaa ya Boston, alichapisha picha za mwanamume aliyepewa kazi ya kuvitazama vitu vilivyowekwa kwenye makabati. Jamaa anainama, anachuchumaa, anapinda kiuno, anasogeza uso hadi karibu aguse kioo. Picha hizo zina zaidi ya miaka mia, na bado juzi niliingia ukumbi mpya kabisa nikajikuta nimepiga goti ili nisome lebo. Sisi tumeamua hivi: hakuna cha kusomwa kitakachokaa chini ya sm 85, na makabati ya kulaza yatainamishwa kidogo kumwelekea mgeni. Macho ya aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu yapo karibu sm 120 kutoka sakafuni; ya aliyesimama ni sm 150 au zaidi. Ndani ya nafasi hiyo ndimo tunamobanana.

Wiki ya 3

Mwanga. Hapa ndipo ugomvi wenyewe.

Mwanga unaoangukia kitu hupimwa kwa lux; karatasi na wino wa zamani kwa kawaida hupewa lux 50, basi. Jua la mchana nje linaweza kupita lux 100,000. Na uharibifu hujumlishwa: lux 100 kwa saa 50 ni sawa na lux 50 kwa saa 100, na kilichokwisha pauka hakirudi. Hesabu yetu: saa 8 kwa siku, siku 90, ni saa 720. Kwa lux 50 kila barua itakula lux-saa 36,000. Kwa lux 300 ambazo ukumbi unazo sasa ingekula 216,000, yaani tungetumia kwa miezi mitatu mwanga wa mwaka mmoja na nusu.

Upande wa pili wa ugomvi yupo mgeni. Mtu wa miaka 60 jichoni mwake hufika karibu theluthi tu ya mwanga unaomfikia kijana wa miaka 20. Umtoe juani, umwingize kwenye lux 50, atakwambia umeme umekatika.

Kwa hiyo tumeongeza ushoroba wa kuingilia, mita 6, wenye kona moja. Unaanza na lux 200, katikati 100, mwisho 60. Kuta zinazidi kuwa nyeusi jinsi unavyoendelea. Taipureta, ambazo ni chuma na hazisumbuliwi sana na mwanga, ndizo zitakaa huko mwanzoni ili mtu awe na sababu ya kusimama wakati macho yake yanazoea. Nimepita ushoroba wa majaribio mara nyingi nikiwa na mita ya mwanga mkononi. Unafanya kazi, mradi mtu asikimbie. Watoto watakimbia.

Wiki ya 5

Wiki ya 4 ilikuwa ya vikao. Naipita.

Seremala ameleta kabati la mfano: mwaloni, limepigwa msasa hadi linateleza, ndani limetandikwa kitambaa kizito cha sufu cha kijani. Zuri hasa. Tulikuwa tumekwisha lipiga picha wakati mhifadhi wa makumbusho alipoingia, akafungua mlango wa kioo, akaingiza pua.

"Fundi, huu mwaloni?"

"Mwaloni mtupu, dada. Wala si wa kubandika."

"Na hiki kitambaa ni sufu?"

"Sufu asilia."

"Basi herufi zangu haziingii humu. Wala vidau."

Mchoro ulikuwa wangu, si wa fundi, kwa hiyo aibu nayo ni yangu. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Ukiufungia pamoja na risasi, risasi huota unga mweupe na herufi huliwa taratibu. Sufu nayo ina salfa, na salfa huifanya fedha iwe nyeusi. Nilikuwa nimebuni sanduku linalokula vitu viwili kwa mkupuo, tena kwa mvuto mkubwa.

Fundi alinyamaza, kisha akauliza kama anaweza kulipeleka kwake aweke vyombo vya nyumbani. Tumemwachia.

Wiki ya 6

Makabati mapya: chuma kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa, kioo, na kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofuliwa. Safari hii hakuna kuamini pua. Jumatatu mhifadhi alianza jaribio alilolibuni Andrew Oddy wa British Museum miaka ya 1970. Kipande cha kitambaa, maji kidogo na vipande vitatu vya metali, yaani fedha, shaba na risasi, hufungiwa pamoja kwenye chupa, kisha chupa huwekwa kwenye tanuri lenye nyuzi 60 kwa siku 28. Chupa ya pili ina metali na maji bila kitambaa, ya kulinganishia. Rangi ya chuma ina chupa yake.

Wakati huohuo, barua za pande mbili. Msanifu majengo Lina Bo Bardi aliisimamisha michoro kwenye bamba za kioo zilizochomekwa kwenye vitalu vya zege, katika makumbusho ya sanaa ya São Paulo yaliyofunguliwa mwaka 1968, na maelezo akayaweka nyuma. Bamba hizo ziliondolewa mwaka 1996, zikarudishwa 2015. Unakutana na mchoro kwanza. Jina unalifuata kwa miguu. Nyuma ya barua zetu hakutakuwa na lebo bali barua yenyewe ikiendelea.

Nilitaka akriliki kwa sababu ni nyepesi. Mhifadhi alikataa: hupata umeme tuli, na wino unaobanduka unaweza kunyonywa kutoka kwenye karatasi. Basi kioo cha tabaka mbili, na fremu ndani ili kisiiguse barua. Sharti lake la pili ni vihisi: taa iwake mtu anapokaribia tu.

Wiki ya 7

Lebo. Mwandishi alileta maneno 180 kwa kila barua, tumekubaliana 60. Tumezichapa kwa ukubwa halisi na kuzibandika gizani. Herufi nyeupe juu ya nyeusi zilipendeza kwenye kompyuta na kutiririka machoni ukumbini. Tumerudi kwenye nyeusi juu ya rangi ya maziwa. Lebo ya barua ya 17 imechapwa 71, na orodha haina hata 71.

Wiki ya 8, Jumamosi

Tumesimamisha bamba la kwanza. Barua inasomeka mbele na nyuma, ila kutoka pembe moja unajiona mwenyewe badala ya maneno. Tumezungusha bamba kidogo, mwako ukahamia darini.

Mhifadhi amenitumia picha ya chupa, siku ya 19. Fedha inang'aa. Risasi ya chupa yenye kitambaa ina doa la kijivu ukingoni, na ya kulinganishia inalo pia, kwa hiyo huenda ni maji tu. Zimebaki siku 9. Seremala amenunua chuma, lakini nimemwomba asikate bado.