Mkufu ambao malkia hakuuagiza

Kila ninaporejea kisa cha mkufu wa almasi kilichoitikisa Ufaransa mwaka 1785, ninachokistaajabia si ujanja wa Jeanne de la Motte, tapeli aliyejidai kuwa rafiki wa malkia, bali hamu ya Kadinali Rohan, aliyetamani mno kurudishiwa hisani ya malkia Marie Antoinette hata akamfanyia tapeli nusu ya kazi yake. Usiku mmoja wa Agosti 1784, katika bustani ya Versailles, alikutanishwa na mwanamke aliyefanana na malkia. Giza lilitosha, kwa kuwa macho yake yalikwisha kuamua yatakachoona. Baadaye alionyeshwa mkataba wa kuununua mkufu huo kwa niaba ya malkia, wenye sahihi “Marie Antoinette de France”, ilhali malkia wa huko walitia sahihi kwa majina yao ya ubatizo tu, jambo ambalo mtu wa ukoo wake (hapa nashindwa kumtetea) alipaswa kulijua. Mkufu ukachukuliwa kwa mkopo, ukaishia mikononi mwa Jeanne, ukavunjwa, almasi zikauzwa. Masonara Boehmer na Bassenge nao walikuwa wamehangaika miaka mingi na pambo la almasi 647 ambalo malkia alikwisha kulikataa, na walipoambiwa kwamba amebadili nia, walisadiki habari waliyokuwa wakiiombea.