Wa pili yuko wapi?

Kliniki walinipandikiza viinitete viwili, yaani mimba changa zilizotungwa maabara. Mwenyewe niliomba viwili. Ukingoja mtoto miaka tisa, unakuwa mlafi.

Wiki ya saba altrasaundi ikaonyesha kifuko kimoja ndani ya kizazi, moyo unadunda. Cha pili hakikushika, tukaambiwa. Nikaitia ile picha kwenye pochi, kila saa naitoa kuitazama.

Siku nane baadaye, usiku, tumbo likanikata upande wa kushoto. Mama, aliyekuja kutoka Tanga kuniangalia, alisema ni gesi, akanichemshia tangawizi. Simlaumu, maana nesi niliyempigia simu kule kliniki naye alisema gesi. "Dada, si umeshaona mtoto yupo mahali pake?" Kweli nilikuwa nimemwona.

Kilichonitisha ni bega. Lilianza kuuma la kulia, kana kwamba nimelilalia. Nilipoinuka kwenda msalani nikaanguka mlangoni.

Hospitalini, daktari wa zamu, kijana mdogo tu, aliitazama picha yangu akairudisha. "Mama, walipandikiza vingapi?"

"Viwili."

"Wa pili yuko wapi?"

Alikuwa nje ya kizazi, kwenye mrija wa uzazi wa kushoto, na mrija ulikuwa umepasuka. Damu ilijaa tumboni hadi chini ya mbavu, na ikifika huko maumivu husikika begani. Vipimo vya homoni ya mimba kwenye damu navyo vilikuwa vinapanda vizuri, maana mimba ya ndani ilikuwa inamficha mwenzake. Kwa wanaopata mimba kwa njia ya kawaida, mimba mbili za namna hii, moja ndani ya kizazi na nyingine nje, hukadiriwa kutokea mara moja katika 30,000. Kwetu sisi wa kupandikizwa ni mara nyingi zaidi. Sikuwahi kuambiwa hilo, na fomu nilizosaini zilikuwa nene kama msahafu.

Waliukata mrija usiku uleule. Shemeji alitoa damu. Hadi leo ananidai soda.

Binti yangu anamwaga uji mezani ninapoandika haya, kwa hiyo mwisho wake mnaujua. Mimi asubuhi ile sikuujua. Mpimaji aliponipaka ile jeli ya baridi, akitaka kwenda moja kwa moja kwenye kizazi, nikamshika mkono.

"Anza pembeni," nikamwambia. "Pembeni kote."

Akaanza pembeni. Alichukua muda wake. Kisha akakigeuza kioo upande wangu.