Taa full saa mbili asubuhi, barabara ya Ilula

2019 nilikuwa naendesha bodaboda Ilula, ile ya Iringa, kama ushawahi kupita kule unajua nyanya ndo kila kitu. Asubuhi hiyo nimembeba mama mmoja anauza sokoni mjini, ndoo moja ya nyanya iko mbele yangu juu ya tenki, nyingine kaipakata mwenyewe, taa nimewasha full kama kawaida yangu.

Sasa ukiwasha taa mchana kila mtu anakuwa trafiki wako. Watoto wa shule, wauza vitunguu, mpaka wazee wamekaa nje ya duka, wote wanakunyooshea mkono wanafumba na kufumbua vidole, taa! taa! Mama nae akaanza, "Mwanangu zima hiyo taa, watu wanakuonyesha, utaua betri." Nikamwambia mama hii haigusi betri, maana pikipiki ile taa ilikuwa inakula umeme wa injini moja kwa moja, ukizima injini na yenyewe inazimika, labda balbu tu ndo inachoka mapema na balbu inanunulika. Akaguna, hakuridhika kabisa.

Na nilikuwa napiga full sio dimu kwa sababu dimu inamulika chini kwenye lami, jua likishapanda mtu wa mbali haioni vizuri. Pikipiki ni nyembamba bana, dereva macho yake yanatafuta magari, na hata akikuona anashindwa kukadiria uko mbali kiasi gani. Halafu ukitoka Ilula asubuhi kwenda mjini jua unaliacha mgongoni, maana yake anaekuja kutoka Iringa linampiga usoni, wewe kwake ni kivuli tu.

Tukafika kwenye kimlima, upande wa pili linakuja semi la shaba linatoka Zambia, yale yakishapakia yanapanda kwa kutambaa, nyuma yake foleni. Mara basi likachomoka kuovateki. Lote likawa upande wangu, na kushoto hamna pa kushukia, ni mtaro wa mawe. Nikashusha gia nikabana kushoto honi nimeishikilia, lakini honi ya bodaboda itasikika wapi ndani ya basi limefunga vioo. Ndo nikaona pua ya basi inainama, jamaa kakanyaga breki za nguvu, likarudi nyuma ya semi pale pale, upepo wa lile semi ukatuyumbisha nyanya kadhaa zikadondoka. Dereva wa basi wakati tunapishana akanipiga taa mara mbili, kanyoosha kidole kwenye taa yangu halafu akainua dole gumba.

Mama alinikaba kiuno mpaka Ipogolo, pale unapoingia Iringa mjini. Aliposhuka mikono inamtetemeka, akashindwa hata kufungua pochi, nikamwambia mama pumzika kwanza utanipa baadae.

Baadae nikaja kujua India tangu Aprili 2017 pikipiki mpya lazima taa iwake yenyewe ukiwasha injini, swichi ya kuzima hamna, na nyingi za huku zinatoka huko huko. Sa hizi mdogo wangu nae anaendesha, nimemwambia usiku shusha dimu usimpofushe mwenzio, mchana piga full, na wanaokuonyesha vidole wapungie mkono uendelee na safari.